Kaboni ya Wakiuru

Wiki jana tulimwacha Nthenya amesimama mlangoni pa jikoni, ameinua karatasi nyeusi juani, na mate yamemkauka mdomoni. Najua mlilala vibaya. Hata mimi nililala vibaya. Karatasi ya kufungia misumari ina nini cha kumkausha mtu mate?

Ina maandishi, ndugu yangu.

Misumari ilitoka hadiwea ya Kisilu, pale mjini Kwa Ndunda. Kisilu ni tajiri wa kutojua kupoteza, na dukani kwake misumari hufungwa kwa takataka yoyote iliyo chini ya kaunta. Takataka ya siku hiyo ilikuwa kaboni, ile karatasi ya wino inayowekwa kwenye taipureta ili barua moja izae nakala. Jua lilipopita ndani yake, herufi zikajitokeza nyeupe, moja moja, kama meno ya mtu anayecheka gizani.

TENDA NAMBARI 4 YA 1986. KOKOTO. BEI KWA LORI MOJA: SHILINGI 860.

Na chini kabisa, jina la mumewe: NZIOKA.

Nthenya hakuhitaji kukumbushwa. Tenda hiyo ya kaunsili ya mji Nzioka aliikosa mwaka jana kwa shilingi kumi. Kisilu aliandika 850. Watu walisema Kisilu ana bahati. Wengine, wale wa kusali sana, walisema ana neema.

"Kumbe neema yenyewe ni nyeusi," Nthenya akasema, akaangalia vidole vyake vilivyochafuka wino.

Kwa ajili ya tenda hiyo Nzioka alikuwa amenunua lori kwa mkopo. Tenda ilipopotea, lori likapigwa mnada. Na nani alilinunua kwenye mnada? Kisilu huyo huyo, aliyekuwa msimamizi wa harusi yao, aliyewalisha keki kwa mkono wake. Tangu siku hiyo Nzioka hajapita lango la boma lake. Hukaa kwenye kigoda kando ya ghala, ameangalia ukuta, na ukuta haujawahi kumjibu.

Nthenya akampelekea kaboni. "Baba Kaluki, soma hii."

Nzioka akaisoma kwenye jua. Akaisoma tena. Akairudisha.

"Osha mikono," alisema. "Wino huo hautoki haraka."

Akageukia ukuta. Mwaka mzima wa kunyamaza, halafu mtu anakuambia uoshe mikono! Nthenya hakuosha. Alijifunga leso kiunoni, akashika njia ya mjini na vidole vyake vyeusi.

Mji wa Kwa Ndunda una makanisa tisa, baa kumi na mbili, na taipureta moja ya kukodi. Taipureta ni ya Wakiuru, mama aliyekuja na familia yake kutoka Murang'a kufuata biashara za barabara ya Mombasa. Kaunsili haipokei tenda iliyoandikwa kwa mkono. Kwa hivyo kila anayetaka kazi ya kaunsili, awe mkubwa awe mdogo, siri ya bei yake hupitia vidole vya Wakiuru.

"Mama Kaluki! Karibu, karibu. Leo ni barua ya shule ama ya kesi?"

Nthenya akafunga mlango kwa kisigino. Akatandaza kaboni juu ya taipureta.

"Soma."

Wakiuru hakusoma. Aliitambua kama mtu anavyotambua nguo yake kwenye kamba ya jirani.

"Ngai! Uliitoa wapi?"

"Ilikuja na misumari."

"Mama Kaluki, nisikilize. Hii nyumba ni ya Kisilu. Alisema kodi isinisumbue, nimpelekee tu kaboni zilizoisha. Nilidhani ni za kuwashia jiko."

"Wakiuru."

"Mara ya kwanza nilidhani hivyo."

"Na mara ya pili?"

Wakiuru akainama. "Mara ya pili aliniletea pakiti nzima. Akaniambia kila tenda iwe na kaboni yake mpya, nisiitumie mara mbili. Nikajua. Nikanyamaza." Machozi yakaanza.

"Hayo weka," Nthenya akamwambia. "Jumapili utayatumia kanisani. Mimi nataka kaboni. Mpya, haijaguswa hata na herufi moja. Na Kisilu aendelee kufikiri wewe ni mtu wake."

"Unataka kufanya nini?"

"Nataka kumwandikia barua shemeji yangu. Si anapenda kusoma?"

Sasa, wewe uliyeanza kusoma leo kwa sababu gazeti la wiki jana lilifungiwa mandazi, subiri nikuvushe mto mara moja.

Kaunsili imetangaza tenda mpya. Malori mia tatu ya kokoto za kujengea soko, na bahasha zitafunguliwa Alhamisi. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa kaunsili, na siku hiyo hiyo Kisilu akaja na gundi, akabandika juu yake bango la mkutano wa injili. Kila mara hufanya hivyo. Anajua watu wa huku. Nani atabandua jina la Yesu kutafuta tenda? Nthenya aliokoa siku kwa kulowesha kidole mate na kuinua pembe ya bango polepole, huku akiomba msamaha kwa sauti.

Nyuma ya boma lake kuna kilima cha mawe. Ni cha Nzioka, kwa hati. Juu ya kilima hicho akina mama ishirini na wanne wa mwethya, kile chama chao cha kusaidiana kazi, wamekuwa wakivunja mawe kwa nyundo miezi minne. Kokoto zimejaa mafungu kama vichuguu. Wakipata tenda, watoto wanarudi shule. Wakikosa, wana mlima wa changarawe usiolika.

Nimemaliza. Turudi kilimani.

"Njia ni mbili," Nthenya, mwenyekiti wa mwethya, aliwaambia. "Kaboni itakayomfikia Kisilu tunaiandika sisi. Tukiandika mia tisa na hamsini, yeye ataweka mia tisa na arobaini. Bahasha yetu ya kweli itakuwa na mia saba na themanini. Kazi ni yetu."

Makofi. Vigelegele. Nyundo zikagongwa kwenye mawe.

"Na njia ya pili?" akauliza Mutindi. Huyu ni mweka hazina wa mwethya, mwenye umri wa kuwa mama yao wote na mdomo wa kuwa baba yao.

Macho ya Nthenya yakawaka. "Tunaandika mia nne. Yeye ataweka mia tatu na tisini. Kwa bei hiyo kila lori litakalotoka litamkata nyama. Akikimbia kazi, kaunsili inachukua dhamana yake ya benki na kulifuta jina lake kwenye orodha. Hapa hapati, Kitui hapati, hapati popote. Anamalizika."

"Na sisi?"

Nthenya akajifunga upya leso kiunoni.

"Mwaitu, mama yangu, nimeuliza. Na sisi?"

"Sisi tunakosa kazi."

"Asi!" Mutindi akatupa nyundo chini. "Mimi sikuvunja vidole hapa nione Kisilu akilia. Kilio chake nitakipika na mahindi?"

Akina mama wakacheka mpaka wengine wakakaa. Kura ikapigwa. Mikono ishirini na minne ikaenda juu kwa mia tisa na hamsini. Wa Nthenya uliinuka wa mwisho, na ukaishia kwenye bega.

Jumatatu asubuhi anaelekea mjini. Anajirudia njiani: mia tisa na hamsini, mia tisa na hamsini. Mtu mzuri. Mwenyekiti mwaminifu.

Lori likasimama kando yake.

Lilikuwa la samawati. Ubavuni, pale palipoandikwa zamani NZIOKA NA MKEWE, palikuwa pameandikwa MUNGU NI MWEMA, na rangi mpya haikuwa imefunika ya zamani vizuri. Kisilu akatoa kichwa dirishani, uso umenawiri kwa mafuta.

"Shemeji! Panda nikufikishe."

"Nitatembea."

"Panda bwana, kwani kiti hiki hukijui?" Wapakiaji waliokaa nyuma wakacheka. "Nzioka hajambo? Mwambie natafuta mtu wa kunioshea lori kila Jumamosi. Nimemfikiria yeye kwanza. Analijua kila kona."

Nthenya alisimama vumbini. Alijua kutukana, alilelewa vizuri. Lakini kuna matusi mengine mtu hayarudishi kwa mdomo.

"Nitamwambia, shemeji," akasema taratibu. "Mungu akuweke. Akuweke tu mpaka Alhamisi."

Dakika ishirini baadaye Wakiuru ameketi, kaboni mpya iko ndani, vidole viko juu ya herufi. Barua ya kweli, ile ya mia saba na themanini, ilikuwa imeshapigwa bila kaboni na kutiwa bahashani.

"Hii ya pili ni mia tisa na hamsini, si ndiyo? Mutindi alipita hapa kunihimiza."

"Andika mia nne."

"Lakini Mutindi alisema..."

"Mutindi hajaambiwa mume wake aoshe lori. Andika."

Taipureta ikalia. Ta, ta, ta. Namba ikaingia. Na hivyo ndivyo mwenyekiti mwaminifu alivyowauza wenzake ishirini na watatu ili anunue machozi ya mtu mmoja. Usimhukumu haraka. Wewe hukuwa vumbini.

Alhamisi, saa sita kamili mchana, ukumbi wa kaunsili.

Sanduku la tenda lilikuwa mezani na makufuli yake mawili. Karani wa kaunsili, mtu mkavu anayeheshimu karatasi kuliko binadamu, akafungua la kwanza. Mweka hazina wa kaunsili akafungua la pili. Bahasha tatu zikatoka, za kaki, hazina jina nje, nambari ya tenda tu.

Mutindi akamfinya Nthenya paja kwa furaha. Akina mama walikuwa wamejaa dirishani nje.

Karani akapasua ya kwanza. "Kampuni kutoka Kiboko. Mia nane na hamsini."

Akapasua ya pili. "Mwethya wa akina mama wa kilimani. Mia saba na themanini."

Dirishani wakapiga vigelegele. Mutindi akainuka nusu.

Karani akapasua ya tatu. Akavua miwani. Akaivaa.

"Bwana Kisilu. Mia tatu na tisini."

Vigelegele vikakatika kama redio iliyoisha betri.

Mutindi akakaa polepole. Hakuwa mjinga. "Mia tatu na tisini imetoka wapi?" akanong'ona. "Sisi tuliandika mia tisa na hamsini. Mama Kaluki. Niangalie."

Nthenya aliangalia viatu vyake. "Aliniambia Nzioka amwoshee lori."

"Na sisi wengine tuoshe nini? Macho?"

Lilimchoma. Lakini, niseme ukweli, halikumchoma kama lilivyopaswa. Jicho lake lilikuwa kwa Kisilu. Alitaka kuona uso wake unavyobadilika baada ya kusikia bei ya mwethya, akijua amedanganywa, akijua amejichimbia kaburi la mia tatu na tisini.

Kisilu alikuwa anatabasamu.

"Bwana Kisilu," karani akasema, "kwa bei hiyo mtu hata mawe hawezi kuyavunja. Una hakika?"

"Nani anavunja?" Kisilu akainuka, akafungua kifungo cha koti. "Kokoto zangu zimeshavunjwa. Zimepangwa mafungu mafungu. Mimi kazi yangu ni kuweka dizeli na kubeba."

Akatoa karatasi mfukoni, akaitandaza mezani. Karani akaisoma kwa sauti. Mkataba wa jana. Kilima cha mawe, na kila kitu kilichoko juu yake, kimeuzwa kwa Bwana Kisilu. Bei: lori moja la samawati.

Nthenya alishika benchi. Kilima kile. Mafungu yale. Miezi minne ya nyundo! Kaboni yake ya uongo ndiyo iliyomtuma Kisilu kutafuta mawe ya bure, na mawe ya bure yalikuwa mahali pamoja tu.

"Mwenye kilima yuko wapi?" karani akauliza.

"Yuko nje. Bwana, ingia!"

Mlango ukafunguka. Akaingia Nzioka.

Ndiyo, Nzioka! Mtu ambaye mwaka mzima hajapita lango lake. Alikuwa amenyoa ndevu. Amevaa koti la harusi, na mkononi ananing'iniza funguo za lori. Akapita karibu na mkewe bila kumtazama, akavuta kiti, akaketi. Kando ya Kisilu.

"Yuda," Mutindi akasema, bila kujisumbua kunong'ona.

"Sahihi hii ni yako?" karani akauliza.

"Ni yangu."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana. Nimefurahi sana."

Nthenya angeweza kumvumilia Kisilu. Lakini huyu aliyelala naye kitanda kimoja!

Karani akageuza karatasi. "Sioni idhini ya bodi ya ardhi."

"Bodi ya tarafa inakaa Jumatano ijayo," Kisilu akapunga mkono kama anafukuza inzi. "Hayo ni mambo ya kugonga muhuri tu. Leta mkataba wa tenda nisaini."

"Ukisaini nimekufunga. Malori mia tatu, siku tisini, bei haipandi. Ukishindwa, dhamana yako ya benki inakwenda na jina lako linatoka kwenye orodha."

"Karani, mimi nilianza kusaini tenda wewe ukiwa darasani. Leta."

Mkataba ukaletwa. Kisilu akatoa kalamu ya wino, ile ya kifuniko cha dhahabu, akapuliza ncha yake.

Hapo ndipo Nzioka alipoinua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu lori liende, alimtazama mkewe machoni. Uso wake ulikuwa ule ule wa kuangalia ukuta. Isipokuwa jicho la kushoto. Jicho la kushoto lilifumba, likafumbua.

Alimkonyeza!

Nthenya aliduwaa. Mtu anakuuza, halafu anakukonyeza? Bodi ya ardhi. Jumatano. Bodi ya ardhi inafanya nini? Watu wa tarafa nzima wanajua inavyofanya, kwa sababu huenda kutazama kama sinema. Kabla ya kugonga muhuri, mwenyekiti humsimamisha mke wa muuzaji mbele ya watu na kumuuliza: Mama, umekubali shamba liuzwe? Mama akisema hapana, hakuna muhuri, hakuna kilima. Ni neno moja tu.

Kisilu alilijua hilo pia. Lakini mtu aliyezoea kununua waume huamini wake zao huja bure, kama gunia na mahindi.

Nthenya akainamia sikio la Mutindi, akaeleza kwa pumzi mbili. Kizee kikakodoa macho.

"Asaini kwanza," Mutindi akanong'ona. "Halafu Jumatano wewe useme hapana. Kokoto za malori mia tatu atatoa wapi?"

"Hakuna kilima kingine mpaka Kiboko."

"Basi atakuja kwetu. Na mimi mweka hazina nitamwambia bei." Mutindi akakunja mikono kifuani, mtakatifu kabisa. "Nyamaza sasa. Jifanye umefiwa."

Kuna kazi rahisi kuliko hiyo? Kujifanya umefiwa dakika moja! Akina mama kilimani waliweza kuvunja mawe miezi minne. Nthenya alihitaji tu kuvunja kicheko kimoja.

Kalamu ikashuka. Ikaandika K, kubwa, yenye mkia. Ikaandika i.

Nthenya akauma leso. Aliona funguo za lori mkononi mwa mumewe. Aliona koti la harusi. Aliona Kisilu amepinda shingo kwa madaha, ulimi umetoka kidogo pembeni kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kalamu ikaandika s.

Kicheko cha mtu aliyenyanyaswa mwaka mzima si kicheko cha kawaida. Hakitoki mdomoni. Kilimtoka Nthenya puani, kikapita kwenye leso, kikapasuka katikati ya ukumbi kama chupa ya soda iliyotikiswa. Mutindi alimkanyaga mguu. Wapi! Kikaongezeka.

Ukumbi mzima ukageuka. Nzioka akafumba macho, yote mawili safari hii.

Kalamu ilikuwa imeandika i ya pili. Ikasimama.

Kisilu akainua uso polepole. Akamtazama Nthenya anayefuta machozi. Akamtazama Nzioka. Akautazama ule mkataba wa kilima, pale palipokosa muhuri wa bodi. Halafu akaitazama sahihi yake, Kisi, wino mbichi unang'aa, na herufi mbili zimebaki.

"Shemeji," akasema, kwa upole uliowanyamazisha hata walio dirishani. "Kabla sijamaliza jina langu. Unacheka nini?"